Profesa Aliyeupima Mzigo wa Mama

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hunijia kila nimkumbukapo marehemu Profesa Charles Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyefariki mwaka wa 1995. Sikujaaliwa kuonana naye, lakini namhesabu kuwa mwalimu mwenzangu, kwani utafiti wake hunisaidia kufundisha fizikia ya viumbe hapa Isiolo.

Katika miaka ya 1960 alikuja Kenya kuchunguza wanyama wa nchi kame, akiwamo choroa, mnyama tumjuaye sana huku kwetu. Aligundua kwamba katika joto kali mwili wa choroa huweza kufikia nyuzi 45, joto ambalo lingemuua binadamu. Ubongo wake husalimika kwa kuwa damu iuendeayo hupita kwanza katika wavu wa mishipa midogo, ikapozwa na damu itokayo puani, ambayo imekwisha kupoa mnyama anapohema.

Baadaye Taylor na wenzake, miongoni mwao Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakawageukia akina mama. Waliwapima Waluo wabebao mizigo kichwani, na Wakikuyu waibebao mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Mwaka wa 1986 wakatangaza kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea hata kidogo nguvu walizotumia kutembea.

Nilipowaeleza wanafunzi wangu habari hiyo, msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, basi tuongezewe mitungi?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mimi nilimpa chaki, nikamwambia apige hesabu. Mtungi wa lita 20 za maji una kilo 20. Msichana wa kilo 45 akiubeba, amebeba zaidi ya asilimia 44 ya uzito wake. Kicheko kikakoma. Mzigo wao ulikuwa umeupita mbali mpaka ule wa asilimia 20, na hapo hatujahesabu saa za masomo zinazopotelea njiani.

Walimu wenzangu, huo ndio urithi alioniachia marehemu. Alikiona kitu tukipitacho kila siku, akakiuliza swali, kisha akakipima. Wanafunzi wetu nao wana mizani, wana saa, na wana njia ya kisimani. Tuwafundishe kupima, ili siku wakidai bomba la maji karibu na nyumbani, wadai kwa hesabu mkononi.