Bata mzinga wa msituni hana kosa, mpishi ndiye

Marekani karibu kila kinacholiwa kina bei yake, lakini nyama ya bata mzinga wa msituni haiuzwi. Sheria za huko haziruhusu ndege aliyewindwa porini afikishwe buchani wala hotelini. Mgahawa ukiandika jina lake kwenye orodha ya vyakula, ujue ni ndege wa shambani mwenye damu ya mwitu. Dukani jina hilo utalikuta kwenye chupa ya whiski ya Kentucky, na hayo ni mambo mengine. Anayemtaka ndege mwenyewe hana budi kukata kibali na kuamka kabla ya alfajiri kwenda kumvizia, au awe na jirani mwindaji asiye mchoyo.

Jirani wa namna hiyo akikuletea kifurushi cha nyama, mara nyingi hukuletea na onyo: mgumu huyo, mkavu, tena ana harufu ya porini. Wapo wawindaji wa miaka mingi wanaotoka kila majira ya machipuko, Aprili na Mei, kwa raha ya kuwinda tu. Nyama wanaigawa au wanaisaga iwe soseji. Lawama zao ni za kweli kwa ndege aliyepikwa vibaya. Aliyepikwa vizuri ana nyama yenye ladha nzito kuliko yule wa kufugwa anayeliwa sikukuu, na supu yake haina mfano.

Mtu aliyelelewa kwenye nyumba yenye kuku wa kienyeji hahitaji somo refu hapa. Anajua kwamba jogoo aliyezurura uani miaka mitatu habandikwi jikoni kama broila wa wiki sita. Huchemshwa kwanza, tena kwa muda wa kutosha, ndipo aungwe. Tatizo la jiko la Marekani ni kwamba kwa vizazi kadhaa limemjua bata mzinga wa aina moja tu, yule wa kisasa, na mapishi yote yaliyozoeleka yameandikwa kwa ajili yake.

Huyo wa kisasa ni mweupe, mwenye kidari kipana kilichotokana na miaka mingi ya kuchagua mbegu, mpaka kifua kikamzidi nguvu. Kuruka hawezi, na hata kupandana hawezi, kwa hiyo majike hupandikizwa mbegu na wafanyakazi wa shamba. Huchinjwa akiwa na miezi minne hivi. Mwenzake wa msituni hulala juu ya miti, hukimbia mpaka kilomita 40 kwa saa, na akishtuka huruka kwa kasi inayoweza kufika kilomita 88 kwa saa. Dume lililokomaa huwa na kilo 7 hadi 11, na katika kilo hizo mafuta ni ya kutafuta. Ukimtia kwenye oveni mzima mzima kwa saa nne, kama wanavyofanya Alhamisi ya nne ya Novemba, Sikukuu ya Shukrani, kidari kitakauka kabla miguu haijaanza kulainika.

Umri wake unausoma mguuni. Dume lina kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu ambao majogoo hupigana nao. Wa mwaka mmoja kipi chake ni kinundu butu. Kikizidi sentimita mbili na nusu, kikapinda na kuchongoka, huyo ana miaka mitatu au zaidi. Huyo wa pili ndiye ambaye mwindaji hupiga naye picha. Mpishi mwenye akili humpongeza, kisha akamwomba yule wa kinundu.

Nadhani historia nayo ina sehemu yake katika lawama hizi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndege huyu alikuwa amekaribia kwisha, kwa kuwindwa bila mpaka na kwa misitu kukatwa. Huko Massachusetts, jimbo ambako Wazungu waliohamia Plymouth waliwakuta ndege hawa kwa wingi katika karne ya 17, wa mwisho anayejulikana aliuawa mwaka 1851. Sheria ya mwaka 1937 iliyoelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi ilileta fedha. Majaribio ya kufuga vifaranga na kuwaachia porini yalishindwa, kwa sababu ndege wa bandani hajui kujiokoa. Kilichofaulu ni kuwanasa wa mwitu wenyewe kwa nyavu zinazorushwa kwa baruti juu ya kundi linalodonoa nafaka, na kuwahamishia kwingine. Massachusetts ilipata ndege 37 kutoka New York mwaka 1972 na 1973, na leo wajukuu wao wanatembea kwenye vitongoji vya Boston wakisimamisha magari. Nchi nzima wako mamilioni, katika majimbo yote isipokuwa Alaska. Ndege amerudi, lakini katika majimbo kama Massachusetts bibi aliyejua kumpika alishafariki siku nyingi.

Tuingie jikoni, ingawa kazi inaanza porini. Asubuhi ya Aprili huko kusini jua huwaka mapema, na ndege mwenye manyoya yale hushika joto muda mrefu. Atolewe matumbo mara moja, tumbo lipate hewa, na apozwe. Harufu ya porini wanayoilalamikia, mara nyingi ni ya nyama iliyokaa na joto nyuma ya gari wakati watu wanapiga picha. Akifika nyumbani alazwe kwenye friji siku mbili tatu kabla ya kupikwa au kugandishwa. Misuli iliyokakamaa baada ya kifo hulegea yenyewe.

Kunyonyoa au kuchuna? Wengi huchuna kwa uvivu. Ukimnyonyoa unabaki na ngozi, na ngozi ndiyo kinga ya nyama isiyo na mafuta. Maji yawe ya nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi. Yakichemka, ngozi itaiva na kuchanika vidoleni.

Kuna mambo mawili ya kutazama kwa karibu kabla kisu hakijaenda mbali. La kwanza ni kifuani, juu ya kidari cha dume la machipuko: utakuta pande la mafuta laini, la manjano, linalobonyea kama sponji. Hiyo ni akiba yake ya msimu wa kupandana, wakati anashinda akijitanua mbele ya majike na kusahau kula. Liondoe lote, ladha yake ni mbaya na huchafua sufuria nzima. La pili ni marisau, vile vidunge vya risasi. Tafuta doa la damu iliyovilia. Ndani yake mara nyingi kuna kishungi kidogo cha manyoya kilichosukumwa na risasi. Vuta kishungi polepole kwa ncha ya kisu na kidunge chenyewe utakikuta nyuma yake. Usipuuze, maana vingine bado ni vya risasi halisi, yaani madini yenye sumu, na hata vya chuma huvunja meno.

Sasa ni wakati wa kumkata. Ushauri huu ndio ninaoushikilia kuliko mwingine wowote: usimpike mzima. Kidari kiende njia yake, mapaja na miguu njia yake.

Kidari ni nyama nyeupe, misuli ya kurukia kwa ghafla, haina kano nyingi na huiva haraka. Adui yake ni joto la kupita kiasi. Kiloweke kwanza kwenye maji ya chumvi, gramu 50 kwa kila lita, na sukari kijiko kimoja ukipenda, usiku kucha ndani ya friji. Chumvi hulegeza protini za nyama zikashika maji, na maji hayo ndiyo yanayokuokoa motoni. Asubuhi kifute kikauke. Ukikioka au kukibanika kizima, tumia kipimajoto cha nyama. Idara ya Kilimo ya Marekani inataka nyuzi 74 katikati ya nyama. Kitoe kikikaribia nyuzi 71, kifunike, kipumzike robo saa, na joto lililo nje litaingia ndani kumalizia. Hakikisha limefika ndipo ukate. Nyuzi 80 ni msiba.

Njia rahisi zaidi ni kukikata vipande vyembamba kukingama nyuzi za nyama, si kuzifuata, ukavipondaponda viwe bapa, ukavichovya kwenye yai na unga uliotiwa pilipili manga, na kuvikaanga kwenye mafuta ya karanga dakika mbili tatu kila upande. Majimbo ya kusini ndivyo wanavyokula, na sijaona mtoto aliyekataa. Sisi wa pwani tuna jingine la kuongeza: papai bichi lililosagwa, linalolainisha nyama ya mishkaki, linafaa pia hapa. Lisizidi nusu saa, la sivyo nyama itageuka uji. Kidari kilichobanikwa kidogo kisha kikamwagiwa tui zito lililoungwa kwa tangawizi, thomu, bizari na ndimu, kama kuku wa kupaka, hakidai maelezo zaidi.

Miguu ni habari tofauti kabisa. Ndege huyu hutembea siku nzima, na kano za mguu wake wa chini zimejaa chokaa mpaka zimekuwa vijiti. Si lugha ya picha: ukizikamua kutoka kwenye nyama iliyoiva zinatoka ndefu, ngumu, zimenyooka, na zinaweza kuchoma ufizi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kutupa. Lakini ile tishu ngumu inayofunga misuli ya mapaja, ikipikwa kwa moto mdogo kwenye maji kwa saa tatu au nne, huyeyuka na kuwa utelezi unaonata midomoni, rojo ambalo broila hatoi hata umbembeleze. Kaanga kwanza mapaja yapate rangi, tia kitunguu, thomu, majani ya bei, maji yafunike nyama, funika, punguza moto, na uache. Ndege wa kipi kirefu anaweza kutaka saa tano. Ikifika nyama inaachia mfupa ukiugusa, epua, chambua kwa mkono, ondoa vijiti vyote, rudisha nyama kwenye mchuzi wake. Louisiana huifanyia gumbo kwa unga uliokaangwa hadi ukawa kahawia. Wewe ifanyie pilau, maana ile supu na mchele mzuri vinaelewana. Mifupa, shingo na firigisi usisahau. Hivyo ni supu ya pili.

Anayetaka ushahidi kwamba njia hii si ubunifu wangu atazame Mexico, ambako bata mzinga alifugwa kwa mara ya kwanza, miaka elfu mbili hivi iliyopita, kabla Wahispania hawajamvusha bahari katika karne ya 16. Watu wa Puebla humchemsha taratibu, kisha humlaza kwenye mole: pilipili kavu za aina kadhaa, lozi, ufuta, zabibu kavu, mdalasini, karafuu na chokoleti kidogo, vyote vikasagwa na kukaangwa. Rasi ya Yucatán wana mchuzi wao mweusi wa pilipili zilizochomwa mpaka zikaungua. Waliomjua ndege huyu mapema kuliko wote, wakimfuga uani akijitafutia, vyakula vyao vikubwa ni vya mchuzi.

Kwa wasomaji Waislamu, neno moja. Mwindaji hutaja jina la Mungu anapofyatua, na ndege akikutwa ana uhai huchinjwa. Mauti ya risasi yenyewe yana maneno ya wanazuoni, kwa hiyo muulize sheikh wako kabla ya msimu, si baada ya kupewa nyama. Kwa wote, nenda na kibali, kwa kuwa idadi ya ndege unaoruhusiwa na tarehe za msimu hutofautiana jimbo kwa jimbo, na faini haijali kwamba ulikuwa mgeni.

Lililobaki ni desturi moja inayoniudhi. Wawindaji wengi hupasua ngozi ya kifua, wakachukua mapande mawili ya kidari, na kuacha mengine yote porini. Baadhi ya majimbo yanahesabu jambo hilo kuwa kosa, mengine yanalinyamazia. Kwa hiyo wewe uliyeko Missouri, Texas au Maine, jirani akikugongea mlango na kidari mkononi, kipokee kwa shukrani, kisha muulize miguu ameiacha wapi. Mwambie msimu ujao akuletee, yeye akiona haimfai.