Kebo za Pazhou, Skrini za 4K

Kila ifikapo tarehe 15 Aprili na tarehe 15 Oktoba, treni za njia namba 8 za chini ya ardhi jijini Guangzhou hujaa watu wenye beji shingoni na mabegi ya kukokota. Wengi hushuka vituo vya Xingangdong na Pazhou na kumiminika kwenye kumbi za Maonyesho ya Canton. Awamu ya kwanza ndiyo ya vifaa vya umeme na elektroniki, na humo hawakosekani Watanzania, Wakenya, Waganda na Wakongomani, wenye maduka Kariakoo jijini Dar es Salaam, Luthuli Avenue jijini Nairobi na mitaa mingine ya aina hiyo. Wanatafuta televisheni, spika, chaja, na mara nyingi huongezea maboksi kadhaa ya kebo.

Kebo ni bidhaa inayompendeza mfanyabiashara. Haivunjiki njiani, haiozi, haichukui nafasi kubwa kwenye kontena, na kila anayenunua skrini ataihitaji. Ubaya wake ni kwamba ukiziweka mbili mezani, moja nzuri na moja mbovu, huwezi kuzitofautisha. Zote zina ncha za rangi ya dhahabu, zote zimevishwa uzi uliosukwa, zote zimeandikwa 4K, pengine hata 8K. Tofauti itaonekana miezi kadhaa baadaye, pale mbunifu wa picha Mwenge au mhasibu Westlands atakapoona skrini yake mpya ya 4K ikizima na kuwaka bila sababu.

Pazhou yenyewe imezoea biashara ya mbali. Ni kisiwa cha wilaya ya Haizhu, kilichozungukwa na matawi ya Mto Pearl. Mnara wake wa ghorofa tisa, uliokamilika mwaka 1600, uliwasaidia manahodha kujua kwamba wanakaribia Guangzhou, na jirani yake ndipo ilipokuwa bandari ya kale ya Huangpu, zilipotia nanga meli za Ulaya. Maonyesho ya Canton yalianza mwaka 1957, wakati China ikiwa imewekewa vikwazo vya biashara na ikihitaji fedha za kigeni. Yalianza kuhamia Pazhou mwaka 2004, yakahamia moja kwa moja mwaka 2008, na katika msimu wa 133, Aprili 2023, yalitandaa kwenye eneo la mita za mraba milioni 1.5. Wafanyabiashara wengi wa Kiafrika hufikia Xiaobei, wilaya ya Yuexiu. Viwanda vya kebo viko nje zaidi, hasa Dongguan na Shenzhen.

Ili kujua kwa nini kebo moja inafaa na nyingine haifai, inabidi kupiga hesabu kidogo. Skrini ya 4K ina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa urefu, yaani nukta 8,294,400, mara nne ya skrini ya kawaida ya 1080p. Kila nukta hupewa rangi yake kwa biti 24, na picha nzima huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Zidisha, utapata karibu biti bilioni 12 kila sekunde. Ongeza nafasi zinazoachwa kati ya picha na picha, pamoja na biti za ziada zinazoisindikiza data kwenye kebo ya HDMI, hesabu inafika gigabiti 17.82, yaani biti bilioni 17.82, kwa sekunde. Kiwango cha HDMI kilichotolewa mwaka 2013 kina kikomo cha gigabiti 18. Kwa hiyo skrini ya 4K inakula karibu uwezo wote, na kebo yenye upungufu mdogo tu haina pa kujificha.

Hapo ndipo zilipo hasara nyingi. Kebo dhaifu mara nyingi haikatai kufanya kazi. Kompyuta huweza kushusha kasi hadi picha 30 kwa sekunde, ambazo zinahitaji chini ya gigabiti 9. Mwenye skrini anaona picha, anashukuru, na hajui kwa nini mshale wa kipanya unaburuzika na macho yanamchoka. Wakati mwingine picha hubaki kwenye kasi ya 60 lakini rangi hupunguzwa ili zipite. Video itaonekana safi kabisa, ila maandishi mekundu kwenye mandhari nyeusi yatakuwa na kingo zilizofifia. Anayehariri hati siku nzima ataliona hilo haraka kuliko anayetazama filamu.

Kwenye HDMI, jambo la kwanza kujua ni kwamba kebo haitambulishwi kwa namba ya toleo. Kebo huwekwa kwenye madaraja yenye majina, na majina hayo ndiyo yanayopaswa kuandikwa kwenye boksi. High Speed ni daraja la zamani, lililowekwa kwa ajili ya gigabiti 10.2. Premium High Speed, lililoanza kuthibitishwa mwaka 2015, limepimwa kwa gigabiti 18 na linatosha skrini ya 4K ya ofisini. Ultra High Speed hubeba gigabiti 48, na ndilo la skrini za 4K zenye kasi ya picha 120 au 144 kwa sekunde. Mwaka 2025 likaongezeka daraja la Ultra96, la gigabiti 96, ambalo mtu wa skrini ya kawaida hana haja ya kuligharimia. Boksi lililoandikwa "HDMI 2.1" kwa herufi kubwa, bila jina la daraja popote, linatakiwa kumtia mnunuzi shaka hapo hapo.

Madaraja ya Premium na Ultra yana lebo ya kuthibitisha, na lebo hiyo ina msaada kuliko maelezo yote ya muuzaji. Huwa imebandikwa kwenye boksi, ina msimbo wa QR na alama za kuzuia kughushi, na husomwa kwa programu ya simu inayotolewa na wasimamizi wa HDMI. Simu ikishausoma msimbo, jibu huja kama kebo hiyo imo kwenye orodha ya zilizothibitishwa. Mfanyabiashara aliyesimama Pazhou na mteja aliyesimama Kariakoo wanaweza kufanya ukaguzi ule ule kwa simu zao. Kwenye ganda la kebo ya Ultra nako jina la daraja linatakiwa liwe limechapwa.

Ganda lina maandishi mengine yanayowachanganya wengi. Kebo nyingi huchapwa kitu kama "AWM 20276 80°C 30V VW-1". Yanaonekana ya kitaalamu, na muuzaji huyaonyesha kwa kidole kama ushahidi wa ubora. Kwa kweli yanahusu aina ya waya, joto na volti inazostahimili, na namna inavyohimili moto. Ni mambo mazuri kwa usalama wa nyumba, lakini hayasemi chochote kuhusu picha. Namba yenye maana zaidi ni ile ya unene wa waya inayofuatana na herufi AWG, ambayo huenda kinyumenyume: 26 ni nene kuliko 30.

Kwa kompyuta ya mezani yenye kadi nzuri ya picha, mara nyingi tundu bora ni DisplayPort, kiwango cha shirika la VESA kilichoanza mwaka 2006. Toleo la 1.2 linatosha 4K ya picha 60 kwa sekunde, na la 1.4 la mwaka 2016 linafika gigabiti 32.4. Siku hizi VESA huthibitisha kebo kwa majina ya DP8K, DP40 na DP80. Aina hii ina kosa lake la pekee ambalo mafundi wa Afrika Mashariki wanapaswa kulijua. Plagi yake ina pini 20, na pini ya 20 ni ya umeme wa volti 3.3 wa kuendeshea vifaa vidogo kama adapta. Katika kebo ya kawaida pini hiyo haitakiwi kuunganishwa kutoka ncha moja hadi nyingine. Viwanda visivyofuata kanuni huiunganisha, na umeme wa skrini ukarudi ndani ya kompyuta. Dalili zake ni za ajabu: kompyuta inagoma kuwaka hadi kebo ichomolewe, au taa zake zinabaki zikiwaka baada ya kuzimwa. Fundi asiyejua atabadilisha pawa saplai, kisha ubao mama, na mteja atalipia vyote. Kumbe kipimo cha multimita kati ya pini hiyo moja upande huu na upande ule kingemaliza kesi kwa dakika moja.

USB-C ina mtego mwingine. Umbo la plagi ni moja, matumizi ni mengi. Kebo iliyokuja na chaja ya simu mara nyingi ina nyaya za kuchajia na za data ya polepole tu, ya megabiti 480 kwa sekunde, na haiwezi kubeba picha hata kidogo. Anayetaka kuunganisha laptopu na skrini kwa waya mmoja atafute kebo iliyoandikwa Thunderbolt 4 au USB4 ya gigabiti 40, na ahakikishe tundu la laptopu yake linatoa picha, kwa sababu si kila tundu la USB-C hutoa.

Ukiichana kebo nzuri ya HDMI kwa wembe, utakuta jozi nne za nyaya, kila jozi imesokotwa na kufungwa kwa karatasi yake ya alumini, na zote pamoja zimefunikwa wavu wa metali. Jozi hizo ndizo zinazobeba picha. Kwenye kebo ya bei ya kutupa, wavu huwa mwembamba au haupo kabisa, na waya wenyewe si shaba tupu: ni chuma au alumini iliyopakwa shaba juu. Sumaku ndogo ikinasa uzi wa waya uliovuliwa ganda, ndani kuna chuma. Sumaku hiyo isijaribiwe kwenye plagi, kwani gamba la plagi huwa la chuma hata kwenye kebo bora.

Urefu nao huamua mengi. Kebo ya shaba ya gigabiti 48 hufanya kazi kwa uhakika ikiwa ya mita mbili au tatu. Kebo ya mita kumi inayodai uwezo huo kwa shaba pekee haifai kuaminiwa. Kwa umbali kama huo, kwa mfano ukumbi wa mikutano au kanisa lenye skrini mbele na kompyuta nyuma, ipo kebo ya nyuzi za kioo inayosafirisha picha kwa mwanga. Hiyo huwa na upande wa kompyuta na upande wa skrini, na ikigeuzwa haitoi picha. Ile rangi ya dhahabu haiongezi ung'avu wa picha, ila huzuia kutu, na kwa wakazi wa Mombasa, Tanga au Unguja, penye hewa ya chumvi, hiyo ni faida ya kweli.

Mnunuzi wa rejareja afanye jaribio kabla ya kuondoka dukani, au siku ile ile nyumbani. Aunganishe kompyuta, afungue mipangilio ya skrini, na aangalie kama kweli imeandikwa 3840 × 2160 na 60 Hz. Kisha aiache video ya 4K ikicheza kwa nusu saa huku akiitikisa plagi taratibu. Vinukta vinavyometameta, skrini kuwa nyeusi kwa sekunde moja au mbili, au sauti kukatika ni dalili za kebo kushindwa. Lakini asiharakishe kuilaumu. Laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa mitaani, hasa za kabla ya mwaka 2015, zina tundu la HDMI la toleo la 1.4, lenye kikomo cha picha 30 kwa 4K. Hakuna kebo duniani itakayoliongezea uwezo.

Anayenunua kwa jumla ana kazi kubwa zaidi, kwa kuwa mzigo ukishapakiwa kwenda Dar es Salaam au Mombasa, kuurudisha China ni ndoto. Banda la Pazhou huonyesha sampuli, na sampuli hutengenezwa kwa uangalifu. Mzigo wenyewe hutengenezwa wiki kadhaa baadaye, pengine kwa shaba nyembamba zaidi kuliko ile ya mezani. Ndiyo maana wazoefu huandika kila kitu kwenye mkataba: daraja la kebo, namba ya AWG, shaba tupu, urefu, na lebo ya kuthibitisha kwa kila boksi. Wanabaki na sampuli moja iliyotiwa saini na pande zote mbili. Maonyesho yana kituo cha kupokea malalamiko, lakini malalamiko bila maandishi hayana nguvu, na huko nyumbani mashirika ya viwango, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya, yana mamlaka ya kuzuia bidhaa isiyokidhi viwango.

Malipo ya kawaida ni asilimia 30 wakati wa kuweka oda na asilimia 70 kabla ya kusafirisha. Kati ya malipo hayo mawili ndipo mnunuzi, au wakala anayemwamini, anapotakiwa kufika kiwandani Dongguan, kuchagua katoni mwenyewe kutoka katikati ya lundo, kuchana kebo moja na kuilinganisha na sampuli, kisha kuchomeka nyingine kadhaa kwenye skrini ya 4K na kuziacha ziwake. Zikikatika, kazi inarudi kwenye mashine, na zile asilimia 70 zinabaki benki.