Bima ya Gari: Tujue Tununuacho

Mwaka 1871 njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji ilifungwa. Mtemi Mirambo alikuwa akipigana na Waarabu wa Tabora, na misafara ikakwama. Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, akalazimika kuzunguka kwa kusini. Zama hizo matajiri wa Unguja kama Taria Topan waliwakopesha wenye misafara bidhaa, na hatari ya njia ilihesabiwa katika biashara yao. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi aliyeanguka na mzigo hakuwa na mkataba wa kuwatunza watoto wake.

Leo magari yapita Urambo, mji wenye jina la Mirambo mwenyewe, kuelekea Kigoma. Hatari haikuondoka njiani; imebadili sura tu. Kwa sababu hiyo sheria yamtaka kila mwenye gari awe na bima. Hata hivyo, wengi wetu hununua stika ya kumridhisha askari wa barabarani, tusijue tumenunua nini. Basi na tuyafafanue maneno yake.

La kwanza ni "mtu wa tatu". Mtu wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule asiyetia sahihi popote: mwenda kwa miguu, au mpanda baiskeli anayerudi sokoni. Bima ndogo ni kwa ajili ya huyo. Gari lako likipinduka lenyewe huko Kaliua, bima ndogo haitalitengeneza. Bima kubwa humlinda mtu wa tatu na gari lako pia, dhidi ya ajali, moto na wizi.

La pili ni "thamani". Tuseme gari ni la shilingi milioni 20, nawe ukaliandikisha kwa milioni 10 ili ada ipungue. Mkataba ukiwa na sharti la uwiano, hasara ya milioni 4 italipwa milioni 2 tu.

La tatu ni sehemu ya hasara aibebayo mwenye gari mwenyewe. Ikiwa ni shilingi 500,000, na matengenezo ni milioni 2, kampuni hulipa milioni moja na nusu.

La nne, lenye kuumiza kuliko yote, ni mambo yasiyolipiwa: dereva mlevi, dereva asiye na leseni, au gari lililokatiwa bima ya matumizi ya nyumbani likageuzwa kubeba abiria kwa nauli. Mfanyakazi atafutaye nyongeza ya mshahara kwa njia hiyo aweza kupoteza gari na akiba yake kwa siku moja.

Tangu mwaka 1967 Shirika la Bima la Taifa lilikuwa peke yake katika kazi hii, mpaka sheria ya 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni binafsi. Kwa hiyo hapana budi mnunuzi achague kwa macho yake, na ahakiki stika kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Ndugu msomaji, kabla ya kutia sahihi uliza mambo matatu: nani atalipwa, nami nitabeba kiasi gani, na ni lini kampuni itakataa kulipa? Kuuliza dukani si aibu. Majuto ya barabarani ni mjukuu, naye huja amechelewa.