Jina Moja, Wagonjwa Wawili

Mwezi wa Novemba, 2007, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walikuwa wamelazwa kwa maradhi mbali mbali. Mmoja alisumbuliwa na goti. Mwenziwe alikuwa na uvimbe kichwani. Siku ya kupasuliwa ilipowadia, mwenye goti alifunguliwa kichwa, na mwenye uvimbe akapasuliwa mguu. Huyu wa pili alifariki dunia baadaye, na yule wa kwanza ikabidi apelekwe India kutibiwa madhara ambayo hakuingia nayo hospitalini.

Hatulikumbushi jambo hili kwa nia ya kufukua makaburi. Tunalikumbusha kwa kuwa lilijirudia. Mapema mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa ambaye hakuhitaji kisu alifunguliwa fuvu, na saa kadhaa zikapita kabla ya madaktari kutambua kwamba damu iliyoganda waliyokuwa wakiitafuta haimo. Ilikuwamo katika kichwa cha mgonjwa mwingine. Vibandiko vya majina vilikuwa vimebadilishana.

Sasa na tujitazame sisi wenyewe, watu wa visiwani. Ni shehia gani ya Unguja au Pemba isiyokuwa na akina Juma Ali watatu na akina Fatma Salum wanne? Twarithishana majina ya mababu, mjukuu humwita babu yake somo, na ada hiyo ni njema. Lakini wadini ada hiyo ni hatari. Hata majina matatu hayatoshi, maana Khamis Omar Khamis aweza kulala kitanda cha sita na mwingine kitanda cha tisa, na wote wakawa wa Wete.

Iko na ada nyingine ambayo hatuna budi kuitaja, ijapokuwa twaipenda. Mtu wetu amefunzwa tangu utotoni kumwitikia mkubwa. Muuguzi akija na sindano akauliza, "Wewe ndiye Juma Ali?", mzee aliyechoka kwa homa, au asiyesikia vyema, atajibu "Naam", na atajibu hivyo hivyo lau angaliitwa kwa jina jingine. Kwa hiyo swali hilo halina faida. Swali lenye faida ni lile linalomlazimisha mgonjwa aseme mwenyewe: Jina lako nani? Umezaliwa lini? Watoka shehia gani? Umekuja kutibiwa nini? Kisha majibu yalinganishwe na cheti kilichopo mkononi. Kazi hiyo haitaki mtambo wala fedha za kigeni.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 karatasi moja yenye mambo 19 ya kuhakikishwa katika chumba cha upasuaji. Watu husimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Hutajwa kwa sauti jina la mgonjwa, mahali pa kupasuliwa, dawa zinazomdhuru. Na mwishoni huhesabiwa vyombo na vitambaa, kisije kimoja kikashonewa tumboni. Karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, hapa hapa Tanzania. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka 1.5 katika kila wagonjwa 100 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7.

Basi karatasi hiyo si ngeni tena kwa waganga wetu. Linalotushughulisha ni kama inasomwa kwa sauti, au inatiwa alama upesi upesi mgonjwa akiwa amekwisha kushonwa.

Kuna neno tunalotaka kuwaambia wakubwa wa Serikali, nalo huenda lisiwapendeze. Kila yatokeapo makosa kama haya, hatua ya kwanza huwa ni kusimamisha watumishi kazi. Mzembe na aadhibiwe, hatumtetei. Lakini daktari wa Nairobi alimpasua mgonjwa aliyeletewa, mwenye kibandiko alichokisoma. Kosa lilikwisha safiri kutoka wadini hadi mezani bila ya mtu kulizuia njiani. Muuguzi aliyenusurika kumpa mtu dawa ya jirani yake, akijua kwamba akisema atafukuzwa, atanyamaza; na kesho mwenziwe wa zamu ya usiku atajikwaa pale pale. Tungependa kila hospitali iwe na daftari la kuandikia makosa yaliyonusurika, na mwandishi wake asiulizwe kwa nini, bali ilikuwaje.

Tena lipo suala la safari. Mgonjwa anayehamishwa kutoka Pemba kuja Mnazi Mmoja huvuka bahari na hukabidhiwa kwa watu ambao hawajapata kumwona. Mara nyingi cheti chake kimo mkobani mwa jamaa, pamoja na kanga na chupa ya chai. Tunaiomba Wizara ya Afya iamuru kwamba kila anayevuka avae utepe mkononi wenye majina yake matatu, tarehe ya kuzaliwa, shehia na nambari ya kitambulisho cha Mzanzibari, uandikwe mbele yake na usomewe jamaa zake kabla ya chombo kung'oa nanga. Na nakala ya cheti ibaki hospitali alikotoka, ili simu ikipigwa usiku apatikane wa kujibu.