Sauti Inayonyamaza Farasi Anaporuka

Kila mwaka, mwezi wa Agosti, katika uwanja wa majani ulioko Ballsbridge, mjini Dublin, nchini Ireland, maelfu ya watu hukaa kimya kana kwamba wamo katika nyumba ya ibada. Kimya hicho hakiletwi na polisi, wala na amri ya mkubwa yeyote. Huletwa na mtu mmoja aliyeketi kibandani karibu na waamuzi, mbele yake pana kipaza sauti, orodha ya majina, penseli na saa. Huyo ndiye mtangazaji wa mashindano ya kimataifa ya farasi wa kuruka viunzi, na sehemu kubwa ya ustadi wake ni kujua wakati wa kutosema neno.

Wengi humdhania kuwa ndugu yake yule mtangazaji wa mpira katika redio. Kazi zao ni mbali kabisa. Mtu wa redio husema na wasioona, na akinyamaza wasikilizaji wake wamo gizani. Marehemu Dorian Williams, ambaye kwa miaka mingi alikuwa sauti ya mashindano ya farasi katika idhaa ya BBC ya Uingereza, aliweza kusema maneno yake yote huku farasi akiruka, kwa kuwa sauti yake iliwafikia watu waliokuwa majumbani mwao. Mtangazaji wa uwanjani husema na watu ambao wanaona kila kitu kwa macho yao, na tena farasi naye humsikia. Mnyama huyo ana masikio yanayogeuka huku na huku, kila moja upande wake, na sauti ya ghafula kutoka kwenye kipaza sauti hatua tatu kabla ya kiunzi yatosha kumvuruga mwendo. Farasi aliyevurugika mbele ya kiunzi kirefu kuliko kifua cha mtu mzima huweza kumtupa mpandaji wake, au kuanguka pamoja naye.

Mashindano ya Dublin yana historia ambayo askari yeyote angependa kuijua. Maonyesho yenyewe ya farasi yalianza mwaka 1864, lakini mashindano ya kimataifa ya kuruka viunzi yaliingizwa mwaka 1926, kwa shauri la ofisa mmoja wa jeshi la Uswisi. Aliyetoa kombe la kushindaniwa ni Aga Khan wa Tatu, Sultan Muhammad Shah, yule yule ambaye mwaka 1946 alipimwa kwa almasi mjini Dar es Salaam, na ambaye jina lake liko juu ya shule na hospitali za Afrika Mashariki. Alikuwa mpenzi mkubwa wa farasi, na farasi wake walishinda mara tano mbio mashuhuri za Derby huko Uingereza. Mataifa sita yalishindana mwaka ule wa kwanza, na Waswisi ndio walioondoka na kombe. Mwaka huo huo jeshi la Ireland lilianzisha chuo chake cha upandaji farasi. Hadi mwaka 1949 hakuna raia aliyeruhusiwa kushindania Kombe la Aga Khan. Washindani wote walikuwa maofisa wa majeshi.

Kwa sababu hiyo, hata leo mtangazaji wa uwanja huo hana budi kuvijua vyeo vya kijeshi kama karani wa makao makuu. Wapandaji wa jeshi la Ireland huingia uwanjani na sare zao, na hutajwa kwa vyeo vyao. Katika jeshi hilo, yule ambaye majeshi yetu humwita Meja huitwa Commandant. Mtangazaji mgeni asiyelijua jambo hilo huweza kudhani kwamba huyo ni mkuu wa kambi nzima, akampa heshima isiyo yake, na maofisa wenzake wakacheka mwaka mzima. Kumpunguzia mtu cheo, nako, hakuhitaji maelezo kwa wasomaji waliovaa sare.

Ndugu wawili wa Italia, Piero na Raimondo d'Inzeo, waliwapa watangazaji wa zama zao kazi ya ziada. Jina la ukoo moja, nchi moja, mara nyingi timu moja. Piero alikuwa ofisa wa jeshi. Raimondo alikuwa ofisa wa Carabinieri, kikosi cha kijeshi cha Italia kinachofanya kazi za polisi. Katika Michezo ya Olimpiki ya Roma, mwaka 1960, Raimondo alipata medali ya dhahabu na Piero akapata ya fedha. Mtangazaji aliyetaja ukoo peke yake hakuwa amewaambia watu lolote.

Jina la mtu ni mali yake, naye huja nalo ugenini akiwa hana kingine cha kumtambulisha. Mtangazaji mwema hushuka mapema, asubuhi kabla ya mashindano, akazunguka kwenye mabanda ya farasi na kuwauliza wapandaji wenyewe, au wachungaji wa farasi wao: jina hili latamkwaje? Huliandika kwa namna yake pembeni mwa orodha, hata kama maandishi hayo yangemchekesha mwalimu wa shule. Mtu aliyesafiri siku nyingi na mnyama wake ndani ya gari na meli, kisha akasikia jina lake limevunjwavunjwa mbele ya umati, huingia uwanjani akiwa amepungukiwa na kitu.

Nafasi ya kusema ni fupi. Mshindani mmoja anapotoka, mwingine anaingia na kuwasalimu waamuzi. Hapo mtangazaji hutaja jina la farasi, la mpandaji, cheo chake na nchi yake. Akipata nafasi huongeza neno moja juu ya umri wa farasi au ushindi wake. Kisha kengele hulia. Kuanzia hapo mpandaji ana sekunde 45 za kuanza mzunguko wake, na kipaza sauti hufungwa. Hakifunguliwi tena mpaka kiunzi cha mwisho kivukwe.

Msomaji asiyewahi kuyaona mashindano haya na amkumbuke John Akii-Bua, ofisa wa polisi wa Uganda, aliyeshinda mbio za mita 400 za viunzi mjini Munich mwaka 1972. Mkimbiaji wa aina yake akiangusha kiunzi kwa bahati mbaya hupoteza mwendo tu, lakini hakatwi alama. Farasi akiangusha mti mmoja, huandikiwa makosa manne. Akigoma mbele ya kiunzi, manne mengine; akigoma mara ya pili, hutolewa. Anayepita muda uliowekwa huongezewa makosa pia. Mwenye makosa machache ndiye mshindi.

Katika Kombe la Mataifa, ambalo ndilo lenye mvuto mkubwa kupita yote, kila nchi huleta wapandaji wanne, nao huruka mizunguko miwili. Katika kila mzunguko huhesabiwa watatu waliofanya vizuri zaidi, naye wa nne huachwa. Hapa ndipo penseli ya mtangazaji inapofanya kazi. Tuseme wapandaji watatu wa nchi moja wamemaliza, wa kwanza bila kosa, wa pili na makosa manne, wa tatu na manane. Wa nne asipoangusha chochote, yale manane yanatupwa na nchi inabaki na manne tu. Akiangusha mti mmoja, inabaki na manane. Akiangusha miwili, ni kumi na mawili. Mtangazaji humaliza hesabu hizo zote kabla mpandaji wa nne hajaonekana langoni, kisha huwaambia watu kwa sentensi moja. Baada ya hapo mama mwenye mtoto mapajani, ambaye pengine hajapanda farasi maishani mwake, huanza kutetemeka kwa kila mti unaoguswa kwato.

Mwaka 1979 uwanja huo ulikuwa na hesabu ya namna yake. Ireland ilikuwa imeshinda mwaka 1977 na mwaka 1978, na kanuni ilisema kwamba nchi itakayoshinda mara tatu mfululizo italichukua kombe liwe lake moja kwa moja. Wapandaji walikuwa wale wale wanne: Eddie Macken na farasi wake Boomerang, Paul Darragh, James Kernan, na Kapteni Con Power wa jeshi aliyempanda Rockbarton. Walishinda. Siku kama hiyo ni mtihani kwa mtangazaji mwenyeji, maana damu yake iko pamoja na umati. Hata hivyo mgeni anapoingia, hustahili sauti ile ile, majina yale yale yaliyotamkwa kwa makini, na kimya kile kile. Mtangazaji anayepandisha sauti kwa watu wa nyumbani na kuishusha kwa wageni huwafundisha watu kushangilia mti wa mgeni unapoanguka. Uwanja wa namna hiyo hauna haki ya kuitwa wa kimataifa.

Liko pia jambo ambalo hakuna anayependa kulifanyia mazoezi. Zamani mpandaji aliyeanguka aliweza kupanda tena na kuandikiwa makosa manane. Sheria za leo humtoa. Lakini yapo maanguko ambayo mtu hainuki, au farasi hainuki. Hapo daktari na daktari wa mifugo hukimbia, na vitambaa vikubwa husimamishwa kuwazunguka. Huenda mke wa mpandaji yumo jukwaani, au watoto wake. Mtangazaji hukisia nini? Hakisii lolote. Husema kwamba waganga wamefika, huwaomba watu wabaki mahali pao, kisha hungoja. Hatangazi hali ya mtu mpaka aambiwe na mwenye mamlaka ya kusema, na hasemi "yuko salama" kwa kutaka tu kuwafurahisha watu. Dakika tano za kungoja hivyo, huku maelfu wakikitazama kibanda chake, ni ndefu kuliko mchana mzima wa kutaja washindi.

Jioni, bendi inapopiga wimbo wa taifa lililoshinda na farasi wakizungushwa uwanjani na utepe wa ushindi, umati huinuka kutaka kuteremka. Makofi na muziki huwatia wanyama wazimu kidogo, hata wale waliokuwa watulivu siku nzima. Mtangazaji hufungua kipaza sauti kwa mara ya mwisho, akawaomba wazazi wawashike watoto mikono na watu wasisogelee lango, mpaka farasi wa mwisho atakapokuwa ametoka.