Nimepekua Madaftari ya Wajukuu

Mwalimu akistaafu analipwa kiinua mgongo, lakini tabia ya kukagua madaftari haistaafu. Wajukuu wangu wawili wanasoma hapa Kilosa, mwaka 2025 wa kike alikuwa darasa la pili na wa kiume darasa la nne, na mabegi yao nayapekua kabla hawajavua sare. Mama yao hunilalamikia: "Mama, waache kwanza wale." Wakila wasile, nikishavaa miwani hakuna wa kunizuia.

Si udaku. Mtaani bado wananiita Mwalimu, na tangu Januari 2024 swali wanaloniletea ni lilelile: hivi hawa watoto siku hizi wanafundishwa nini? Muuza mkaa kaniuliza. Shemeji yangu kaniuliza tukiwa msibani. Baba mmoja alinisimamisha stendi, kamnunulia mwanawe kitabu cha Maarifa ya Jamii na mwalimu amemwambia somo hilo kwa darasa lake halipo tena. Alitaka nimweleze limekwenda wapi, kana kwamba mimi ndiye niliyelificha.

Limegawanywa. Januari ile ya 2024 shule zetu zilianza mtaala ulioboreshwa, unaotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Haukuingia madarasa yote kwa mkupuo. Kwa shule za msingi ulianza na awali, darasa la kwanza na la tatu, kisha watoto hao wanapanda nao. Ndiyo maana mwaka 2025 katika shule moja ulikuta darasa la nne wanasoma masomo yenye majina mapya, na kaka zao wa darasa la tano bado walikuwa na Maarifa ya Jamii pamoja na Uraia na Maadili. Mzazi mwenye watoto katika madarasa hayo mawili lazima achanganyikiwe. Kitabu cha kaka hakirithiwi na mdogo wake.

Nianze na mdogo, maana kwake ndiko nilikofurahi zaidi.

Darasa la kwanza na la pili uti wa mgongo ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Hili si la jana, lilianza 2015, pale walipogundua kwamba tulikuwa tunamrundikia mtoto wa miaka saba masomo chungu nzima na anafika darasa la nne hawezi kusoma sentensi. Kilichoongezeka sasa ni Kiingereza kurudi darasa la kwanza, baada ya kusogezwa hadi la tatu mwaka huohuo wa 2015. Kuna pia Kutunza Afya na Mazingira, na Utamaduni, Sanaa na Michezo.

Mimi ni mwalimu wa UPE. Vijana wa leo hawajui: baada ya Azimio la Musoma la 1974 taifa liliamua kila mtoto aingie shule, na walimu hawakutosha, basi tukachukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba, tukawa tunafundisha huku tunafundishwa kufundisha. Wenye midomo walitufasiria UPE kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Nilishika chaki 1978 nikiwa binti mdogo, na kutoa kwa kukopa nilikufundisha kama nilivyofundishwa: "Tatu toa saba haiwezekani, nenda kwa jirani ukakope moja." Darasa zima linaimba. Ukimuuliza mtoto hiyo moja ya jirani imegeukaje kuwa kumi, anakutazama tu.

Juzi mjukuu alikuwa na 43 toa 17. Hakuimba. Alikwenda kuchukua vijiti vyake vya ufagio wa chelewa, vimefungwa kumikumi kwa raba. Akapanga mafungu manne na vijiti vitatu pembeni. Kufika kwenye saba akaona vijiti vitatu havitoshi. Akafungua fungu moja, raba akaivaa kidoleni, vijiti vikawa kumi na tatu. Akaondoa saba, vikabaki sita. Akaondoa na fungu moja zima. "Ishirini na sita, bibi." Nilikaa kimya kidogo. Yule jirani wangu wa kukopesha nilimfundisha miaka yote, na hakuna mtoto niliyewahi kumwonyesha mlango wa nyumba yake.

Kusoma nako kumebadilika. Herufi inatajwa kwa sauti yake, si kwa jina. Ukimsikia mtoto anatoa b iliyobanwa midomoni bila "be", usimkemee ukidhani ana kigugumizi. Ndivyo anavyofundishwa, ili sauti ziungane upesi ziwe silabi, na silabi ziwe neno. Na anapimwa pia kama ameelewa alichosoma. Mbaya zaidi ni mzazi anayemrudisha nyumbani kwenye "a, be, che", mtoto akawa na walimu wawili wanaopingana.

Kwenye Kutunza Afya na Mazingira alitumwa kuangalia nyumbani tunanawaje tukitoka chooni. Kwetu kulikuwa na ndoo na kopo. Akatangaza kwamba kopo hilo kila mtu analishika kwa mkono mchafu. Sikuwa na la kujibu. Jumamosi kaka yake akachomeka miti miwili, akapitisha fito juu, akatundika dumu la lita tano lililotobolewa tundu dogo ubavuni, kamba ikatoka shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti cha chini. Ukikanyaga kijiti dumu linainama, maji yanachirizika, mkono haugusi kitu. Sabuni ya kipande inaning'inia pembeni kwa uzi. Hicho ndicho kibuyu chirizi, na shule nyingi za vijijini zinacho. Kuku walikanyaga kijiti siku ya kwanza wakamwaga maji yote, tukainua kijiti kidogo.

Sasa darasa la nne. Kuna Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Sanaa na Michezo, Dini, na Historia ya Tanzania na Maadili. Mtaala umeruhusu pia Kifaransa, Kiarabu na Kichina kama masomo ya kuchagua. Kwa shule za huku kwetu hayo yako kwenye karatasi, mwalimu wake sijamwona.

Jiografia na Mazingira kwa mtoto wa Kilosa haihitaji picha za mbali. Mto Mkondoa uko hapa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibomoa nyumba na kung'oa reli, watu wakaishi kwenye mahema. Mjukuu alikuwa hajazaliwa. Alipotakiwa kuuliza wazee kuhusu mabadiliko ya mazingira, alikaa nami akaandika kurasa tatu, na akataka kujua kwa nini treni ya umeme inapita kwenye mahandaki na ile ya zamani inafuata bonde. Hilo swali ni zuri kuliko mengi niliyowahi kutunga mimi. Reli ya zamani Wajerumani waliianza Dar es Salaam 1905 wakafika Kigoma 1914. Mpya ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma wiki chache baadaye. Zote zinapita wilayani kwetu, na mwalimu akiwa na nafasi anaweza kufundisha nusu muhula kwa reli hizo mbili tu.

Kwenye Historia ya Tanzania na Maadili ndipo nilipovua miwani nikaifuta.

Wilaya hii ina historia inayofahamika nchi nzima. Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Unguja, akavuka bara kwa njia ya Saadani, na ndani ya wiki chache akakusanya mikataba kwa machifu wa Usagara na jirani zake. Mmoja wao alikuwa Mangungo wa Msovero, yaani Msowero, ambayo hadi leo iko Kilosa. Karatasi ilikuwa ya Kijerumani. Februari 1885 Peters alikuwa ameshapata hati ya ulinzi ya mfalme wa Ujerumani kwa ardhi hiyo. Ndiyo maana hata leo mkataba mbovu wa madini au wa bandari ukizungumzwa, mtu husimama akasema huu ni wa Mangungo.

Kwenye daftari la mjukuu nilikuta imeandikwa: makosa ya Chifu Mangungo. Kwanza, hakuwa mzalendo. Pili, hakujua kusoma. Alama ya vema mbili, nyekundu.

"Bibi, kwani alikuwa mjinga?"

Nikamtuma alete boksi la taa ya sola tuliyonunua mnadani. Ndani kuna kikaratasi cha maelezo, chote Kichina. Nikamwambia, "Andika jina lako hapo chini." Akacheka. "Imeandikwa nini?" Nikamwambia imeandikwa kwamba wewe na mwenye duka sasa ni marafiki, na ukija tena utapewa zawadi. Akaandika jina lake, na mwandiko wake wa kuunganisha akaupamba. Kisha akanitazama, akakirudia kile kikaratasi, akanitazama tena.

Hatukuzungumza zaidi siku ile. Siku nyingine nikamweleza kwamba Peters huyo baadaye serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi, mwaka 1897, kwa ukatili aliowafanyia Waafrika, na kwamba ni vema ajiulize pia makosa ya aliyeileta karatasi, si ya aliyeitia alama tu.

Kurudisha historia ya nchi kama somo linalojitegemea ni jambo jema, nimelisubiri. Kuifunga na maadili katika daftari moja kunanitia wasiwasi. Historia inataka mtoto aulize nani alisema, alikuwa wapi, alijua nini wakati ule. Maadili yanataka aseme lipi zuri na lipi baya. La pili ni jepesi kusahihisha, na mwalimu mwenye madaftari tisini mezani atalikimbilia hilo. Mtoto anajifunza kuhukumu marehemu kabla hajamjua.

Mwalimu wao nimeongea naye, kijana mwenye adabu, alinipitia nyumbani kunisalimia. "Shikamoo Mwalimu." Nikamweleza la kikaratasi, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniambia: "Mwalimu, kipindi ni dakika arobaini. Nikiita majina tu, dakika kumi zimekwenda." Namuelewa. Mtaala huu umeandikwa kwa mwalimu anayezunguka kati ya meza, anayemsikiliza mtoto mmoja akifungua fungu lake la vijiti. Pale ambapo watoto wanabanana wanne kwenye dawati moja, mwalimu atarudi ubaoni, ataandika, watanakili. Nasi tulifanya hivyo, na hatukuwa wavivu.

Hapo ndipo ninapotaka wazazi wenzangu mnisikilize, maana kuna jambo ambalo mtaani halizungumzwi. Kwa sera hii elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima ni miaka kumi, yaani mtoto anaendelea hadi kidato cha nne. Hesabu mwenyewe. Aliyekuwa darasa la tatu 2024, kama mjukuu wangu wa kiume, anamaliza darasa la sita mwaka 2027. Aliyekuwa darasa la nne 2024, aliye kwenye utaratibu wa zamani, anamaliza la saba mwaka huohuo wa 2027. Makundi mawili yanatoka kwa mlango mmoja, na Januari 2028 yanagonga kidato cha kwanza pamoja.

Kwa hiyo kikao cha wazazi kijacho msiende kujadili michango ya uji peke yake. Ulizeni sekondari ya kata yenu ina vyumba vingapi, madawati mangapi, na walimu wangapi wanaongezwa kabla ya 2028. Mwalimu mkuu akisema suala hilo liko ngazi ya juu, mwombeni aliandike kwenye muhtasari wa kikao na nakala iende kwa mtendaji wa kata. Muda uliobaki ni mdogo kuliko unaotumika kwa kawaida kumaliza darasa moja lililoanzwa kwa nguvu za wananchi.