Bunduki ya Uwindaji kwa Mwananchi Anayetumia Mkono wa Kushoto: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Mahindi yanapoanza kubeba, wakulima wa Kihanga na kata jirani huanza kulala macho. Nyani na tumbili huja mchana, nguruwe pori huja usiku, na shamba lililogharimu miezi minne ya jasho huweza kuharibiwa kwa siku mbili. Ni katika majira hayo baadhi ya wananchi hufikiria kumiliki bunduki kwa njia halali, ama kwa ajili ya kulinda mazao, ama kwa uwindaji wa leseni. Miongoni mwao wapo mashoto, yaani watu wanaotumia mkono wa kushoto, ambao bunduki nyingi zilizoko madukani hazikutengenezwa kwa kuwafikiria wao. Makala haya yanaeleza namna mtu wa aina hiyo anavyoweza kuchagua bunduki nyepesi yenye bei nafuu, pamoja na mambo ya kisheria yanayotangulia uchaguzi huo.

Sheria kwanza, duka baadaye

Umiliki wa silaha nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015. Sheria hiyo iliendana na makubaliano ya nchi za ukanda wetu yaliyotiwa saini Nairobi mwaka 2004, yenye lengo la kuzuia kuzagaa kwa silaha ndogo ndogo. Sisi wa Kagera tunaelewa vizuri kuliko wengi kwa nini udhibiti huo unahitajika, kwa kuwa mkoa wetu umepitia vita vya mwaka 1978 na 1979 na wimbi la wakimbizi la mwaka 1994.

Mwombaji anapaswa kuwa ametimiza umri wa miaka 25, awe na akili timamu, asiwe na historia ya makosa ya jinai ya aina zilizotajwa na sheria, na awe na cheti kinachothibitisha kwamba anaweza kutumia silaha kwa usalama. Maombi huanzia chini. Mwananchi hujadiliwa na uongozi wa kijiji chake, hupita ngazi ya kata, kisha hufika kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na kamati ya ulinzi na usalama, na kuendelea hadi kwa mamlaka ya usajili wa silaha ndani ya Jeshi la Polisi. Kwa hiyo asinunue mtu bunduki kwanza na kutafuta kibali baadaye. Bunduki hununuliwa kwa muuzaji mwenye leseni pekee, na ni baada ya kibali kutolewa.

Jambo la pili ambalo watu wengi hulichanganya ni hili: leseni ya kumiliki bunduki si leseni ya kuwinda. Uwindaji unasimamiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, na unahitaji kibali chake chenyewe kinachotaja mnyama, idadi na eneo. Sheria hiyo inakataza sumu, mitego ya nyaya na mashimo.

Wazee wetu wanakumbuka mapori ya akiba ya Burigi, Kimisi, Ibanda na Rumanyika. Tangu mwaka 2019 maeneo hayo ni sehemu ya Hifadhi za Taifa za Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote, hata kwa mwenye leseni. Ushauri wa zamani kuhusu mahali pa kuwinda umepitwa na wakati, na anayeufuata leo anaweza kujikuta mahakamani kwa kosa la ujangili.

Kwa nini mkono wa kushoto ni suala la usalama

Raifo nyingi za uwindaji hutumia komeo, yaani kipande cha chuma kinachovutwa nyuma kwa mkono ili kutoa ganda la risasi iliyopigwa na kuingiza risasi nyingine. Komeo la kawaida liko upande wa kulia. Mtu anayetumia mkono wa kulia hulivuta bila kuondoa kitako begani. Shoto akiishika bunduki hiyo hiyo kwa bega la kushoto, hulazimika kupitisha mkono wake juu ya bunduki ili kulifikia. Kwa kufanya hivyo huyumbisha mtutu, hupoteza shabaha, na huchelewa.

Lipo pia suala la uso. Shoto huegemeza shavu lake upande wa kulia wa kitako. Ganda la risasi likipasuka kwa bahati mbaya, gesi ya moto hutokea upande huo huo. Miwani imara ya kukinga macho ni ya lazima kwake, na risasi kuukuu au zilizopata kutu zisitumike kamwe.

Kabla ya kuamua, mwombaji ajipime jicho. Anyooshe mikono mbele, akutanishe viganja na kuacha tundu dogo, kisha aangalie mti wa mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili. Afumbe jicho moja, halafu jingine. Jicho linaloendelea kuuona mti ndilo jicho linaloongoza. Wapo watu wanaoandika kwa mkono wa kushoto lakini jicho lao la kulia ndilo linaloongoza. Mtu wa namna hiyo anaweza kujifunza kulenga kwa bega la kulia na kuepuka gharama ya bunduki maalumu.

Njia nne za kuchagua

Njia ya kwanza ni bunduki inayokunjwa katikati, ya mtutu mmoja au miwili. Haina komeo la pembeni. Hufunguliwa, risasi huwekwa kwa mkono, hufungwa. Humfaa shoto karibu sawa na mtu mwingine, na ile ya mtutu mmoja mara nyingi ndiyo ya bei ya chini zaidi. Bunduki nyingi za marisau, yaani shotigani, ziko katika kundi hili. Kasoro yake ni kwamba kitako cha baadhi yake kimepindishwa kidogo kumfaa mtu wa bega la kulia. Mnunuzi aiegemeze begani dukani kabla ya kulipa.

Njia ya pili ni raifo ya wenzo wa chini, ambayo hujazwa kwa kusukuma wenzo ulio chini ya kifyatulio. Mikono yote miwili huuendesha kwa urahisi ule ule.

Njia ya tatu ni raifo yenye komeo upande wa kushoto. Kampuni kama Savage, Ruger na Tikka zimekuwa zikizitengeneza. Hii ndiyo inayomfaa shoto kikamilifu kwa uwindaji wa leseni, lakini viwanda huzitengeneza chache, hivyo huwa adimu na huenda zikahitaji kuagizwa kutoka nje kwa kibali cha pekee.

Njia ya nne ni kubaki na raifo ya komeo la kulia na kufanya mazoezi mengi kwenye uwanja ulioidhinishwa. Njia hii ni nafuu kifedha, ila isichaguliwe na mtu anayetarajia kukutana na mnyama mkali.

Wepesi una gharama yake

Raifo nyepesi huwa na uzito wa kilo 2.5 hadi 3 bila darubini, na ya kawaida hufika kilo 3.5 au 4. Mtu anayepanda vilima vyetu kutwa nzima huhisi tofauti hiyo mabegani. Lakini kadiri bunduki inavyokuwa nyepesi, ndivyo teke lake linavyokuwa kali. Risasi ile ile ikipigwa kwa bunduki ya kilo 3 badala ya kilo 4, nguvu ya teke huongezeka kwa takribani theluthi moja. Mpigaji anayeogopa teke hufumba macho na kushtuka kabla ya kufyatua, na risasi huenda asikokusudia. Kwa sababu hiyo anayetaka bunduki nyepesi achague pia risasi ya nguvu ya wastani. Wanyama wakubwa na wakali wana masharti yao ya ukubwa wa risasi, na bunduki ya kuwakabili haiwezi kuwa nyepesi wala ya bei nafuu.

Kihanga si nyika tupu. Nyumba zetu zimo ndani ya vibanja, na ng'ambo ya kila bonde kuna familia nyingine. Marisau hupoteza nguvu baada ya makumi ya mita, lakini risasi ya raifo ya uwindaji huweza kusafiri zaidi ya kilomita 3, na hata ile ndogo ya .22 huvuka kilomita 1.5. Migomba haizuii risasi. Raifo ikitumiwa kufukuza nyani kibanjani inaweza kumuua mtoto anayechota maji upande wa pili. Kwa ulinzi wa shamba lililo karibu na makazi, raifo si chombo kinachofaa, hata iwe nyepesi na nafuu namna gani.

Gharama zisizoonekana dukani

Bei ya bunduki ni mwanzo tu. Mwombaji aweke katika hesabu ada za leseni, nauli za kufuatilia maombi, mafunzo, risasi za mazoezi, na kasha imara la chuma lenye kufuli. Aulize pia kama risasi za aina anayoitaka hupatikana nchini mara kwa mara. Bunduki ya bei rahisi isiyo na risasi sokoni ni hasara.

Bunduki haiazimishwi kwa ndugu wala jirani. Ikipotea au kuibiwa, taarifa itolewe polisi mara moja. Mmiliki akifariki, familia haiirithi kama jembe au shoka. Ipelekwe Kituo cha Polisi, na anayeitaka aanze maombi yake mwenyewe. Gobore la babu lililosahaulika darini nalo ni silaha mbele ya sheria.

Kabla ya bunduki

Familia nyingi zitapata nafuu zaidi kwa njia zisizohitaji silaha: zamu za pamoja za kulinda mashamba, mbwa waliofunzwa, na kufyeka vichaka vinavyoficha wanyama mpakani mwa shamba. Zamu hizo zipangwe kwa watu wazima, ili watoto wabaki shuleni. Mnyama mkali kama tembo, kiboko au simba asikabiliwe na mwananchi. Taarifa itolewe kwa Mtendaji wa Kijiji na kwa Afisa Wanyamapori wa Halmashauri, Kayanga, ili askari wenye mafunzo wafike. Zipo kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi kwa madhara ya wanyama wakali waliotajwa humo. Uharibifu ukitokea, mwananchi atoe taarifa mapema na aache alama za shamba zilivyo hadi tathmini ifanyike.

Anayeona bado anahitaji bunduki aanze katika ofisi ya kijiji chake, akiwa ameshajua jicho lake, bega lake, na kile kilichopo nyuma ya shabaha yake.